Kuchora mkunjo wa kichujio: grafu ya mkono, lahajedwali, simyuleta au kadi ya sauti?

Ukikaa na mafundi wa sauti pale Kondele, au na wanafunzi wa umeme wanaokimbizana na ripoti za maabara hapa Kisumu, swali ni lile lile: nichore vipi mkunjo wa mwitikio wa masafa wa kichujio changu, na nitumie nini? Kichujio ni saketi inayopitisha baadhi ya masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, na kuzuia mengine; mkunjo wake unaonyesha kila masafa yanapita kwa kiasi gani. Kuna walioambiwa kwamba bila oskiloskopu, kile chombo kinachochora wimbi la volti kwenye skrini, hakuna kazi. Wengine wameridhika na mchoro uliotoka kwenye kompyuta, hawajawahi kuulinganisha na saketi yenyewe. Mimi nashikilia jambo moja. Kuna mkunjo unaoeleza saketi inapaswa kufanya nini, na kuna mkunjo unaoeleza saketi iliyo mezani inafanya nini. Kila njia ninayoilinganisha hapa iko upande mmoja wa mstari huo. Amua kwanza unauliza swali lipi, ndipo uchague chombo.

Ili ulinganisho uwe wa haki, tutumie kichujio kimoja kote: rezista ya 10 kΩ ikifuatwa na kapasita ya 10 nF kwenda graundi. Hiki kinapitisha masafa ya chini na kuzuia ya juu. Kanuni f = 1/(2πRC) inatoa 1592 Hz, na hiyo ndiyo tunayoiita kona ya kichujio. Kwenye masafa hayo volti zinazotoka ni 0.707 ya zinazoingia, yaani zimeshuka desibeli 3, na wimbi limechelewa kwa nyuzi 45. Mbele ya hapo, kila masafa yanapozidishwa mara kumi, mkunjo unateremka desibeli 20.

Hesabu hiyo ni safi, lakini rezista yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 5, na kapasita nyingi za seramiki kwa asilimia 10. Makosa yote mawili yakielekea upande mmoja, kona ya kichujio inaweza kuwa popote kati ya 1378 Hz na 1861 Hz, na hakuna mtu aliyekuuzia kitu kibovu. Kumbuka namba hizo mbili unapoamua kama hesabu peke yake inakutosha.

Grafu ya mkono na oskiloskopu

Hii ndiyo njia ya maabara za vyuo vyetu, na naitetea kwa moyo wote. Unahitaji jenereta ya mawimbi, oskiloskopu ya chaneli mbili, na karatasi ambayo mhimili wake wa chini ni wa logi. Karatasi hiyo ikikosekana dukani, itengeneze mwenyewe kwenye karatasi ya grafu ya kawaida, ile ile ya hesabu za sekondari. Ukiipa kila dekadi, yaani kila masafa yanapozidishwa mara kumi, sentimita 5, basi 2 inakaa sentimita 1.5 kutoka mwanzo wa dekadi, 5 inakaa sentimita 3.5, na 10 inafunga. Dekadi tatu, kutoka 100 Hz hadi 100 kHz, zinaingia kwenye sentimita 15 na nafasi inabaki.

Pima kwa mtiririko wa 1, 2, 5: 100 Hz, 200, 500, 1000, na kuendelea. Karibu na kona ongeza alama kadhaa, kwa mfano 1200, 1400, 1600 na 1800, kwa sababu hapo ndipo mkunjo unapopinda. Kwa kila alama soma volti za kuingia na za kutoka, zote mbili, usidhani za kuingia hazibadiliki. Gawanya za kutoka kwa za kuingia, tafuta logi, zidisha kwa 20. Kwa kichujio chetu unapaswa kuona karibu desibeli 1.4 chini kwenye 1000 Hz, 4.1 kwenye 2000, 10.4 kwenye 5000, na 16 kwenye 10,000.

Kuna mbinu ya mafundi wa zamani ambayo haijapitwa na wakati. Weka jenereta kwenye 100 Hz, kisha rekebisha chaneli ya pili mpaka wimbi lijaze miraba 7 kutoka chini hadi juu ya skrini. Sasa pandisha masafa polepole, usiguse kitu kingine, mpaka wimbi libaki miraba 5. Tano gawanya kwa saba ni 0.714, karibu kabisa na 0.707. Masafa unayoyasoma kwenye jenereta ndiyo kona ya kichujio chako. Hujahitaji kikokotoo wala programu, na jibu limetoka kwenye saketi yenyewe. Ukitaka kuthibitisha kwa fezi, yaani kule kuchelewa kwa wimbi, angalia umbali kati ya vilele vya mawimbi mawili: kwenye 1592 Hz wimbi zima linachukua maikrosekunde 628, kwa hiyo nyuzi 45 ni kama maikrosekunde 79.

Gharama yake ni muda, na macho. Alama ishirini zilizopimwa vizuri zinaweza kula kipindi kizima cha maabara. Halafu ukishuka sana chini, mkono unaishiwa nguvu: kwenye desibeli 40 chini, volti 1 iliyoingia inatoka kama milivolti 10, na mvumo wa 50 Hz wa stima unaanza kulipanda wimbi lako. Hapo ongeza volti za kuingia, na acha chaneli ya kwanza ndiyo iongoze trigaa (kinachotuliza picha ya wimbi kwenye skrini), maana ndiyo yenye wimbi lisiloyumba.

Wanaouliza kama mita ya mkononi inaweza kuchukua nafasi ya oskiloskopu, jibu langu ni hapana kwa mita ndogo za bei nafuu za aina ya DT830. Upande wake wa AC umetengenezwa kwa umeme wa nyumbani: unaaminika hadi mamia machache tu ya hezi, na rengi yake ya chini kabisa ni 200 V, inayosoma kwa hatua za volti 0.1. Ukiitumia kwenye 5 kHz, mteremko utakaouchora utakuwa wa mita na kichujio kwa pamoja, na hutaweza kuvitenganisha. Itumie kupima thamani halisi ya rezista kabla hujaiweka kwenye bodi. Kazi hiyo inaifanya vizuri.

Lahajedwali

Kama swali lako ni la kwanza, yaani saketi inapaswa kufanya nini, na kichujio ni cha hatua moja, lahajedwali haina mpinzani. LibreOffice Calc ni ya bure, Excel iko kwenye kompyuta nyingi za saiba, na hata simu inatosha.

Safu A iwe masafa. Andika 100 kwenye A2, na kwenye A3 weka =A2*10^(1/10), kisha uvute chini. Utapata alama kumi kwa kila dekadi, zilizopangika sawasawa kwenye mzani wa logi. Safu B iwe =1/SQRT(1+(A2/1592)^2), na safu C iwe =20*LOG10(B2). Chora C dhidi ya A kwa chati ya aina ya XY, si chati ya mistari ya kawaida, kwa kuwa ile ya mistari huyachukua masafa kama majina tu na kuyapanga kwa nafasi sawa bila kujali thamani yake. Ukiwa kwenye simu na huoni pa kubadilisha mhimili uwe wa logi, ongeza safu ya =LOG10(A2) na uchore dhidi ya hiyo: 2 ni 100 Hz, 3 ni 1000 Hz, 4 ni 10,000 Hz.

Uzuri wake mwingine ni kwamba ukibadilisha thamani moja, mkunjo mzima unabadilika mbele ya macho yako. Mwanafunzi anayeona kona ikihamia kushoto kila anapoongeza kapasita anaielewa kanuni kuliko aliyeikariri.

Lakini lahajedwali inajua kile tu ulichoiandikia, na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Niliwahi kuulizwa hivi: “Mwalimu, nimefuatanisha vichujio viwili vilivyo sawa. Lahajedwali inasema desibeli 6 chini kwenye kona, oskiloskopu inasema tisa na nusu. Nifuate kipi?” Fuata oskiloskopu. Hesabu ya desibeli 3 mara mbili ingekuwa kweli kama hatua ya pili isingevuta mkondo kutoka kwa ya kwanza. Ukiziunganisha moja kwa moja bila opampu (chipu ya kukuza wimbi) katikati, ya pili inailemea ya kwanza, na kwenye 1592 Hz volti zinazotoka ni theluthi moja ya zinazoingia, yaani desibeli 9.5 chini. Mahali pa desibeli 3 napo panahama: badala ya 1024 Hz ambayo hesabu ya haraka ingekupa, panakuwa karibu 596 Hz. Tofauti hiyo unaisikia hata kwa masikio.

Simyuleta

Kosa hilo la kulemea, simyuleta, yaani programu inayoiga saketi kwenye kompyuta, haiwezi kulifanya, kwa sababu inaikokotoa saketi nzima kwa pamoja. LTspice ya Analog Devices ni ya bure na inaendeshwa kwenye Windows na Mac. Ngspice nayo ni ya bure, na imo ndani ya KiCad, kwa hiyo mwenye Linux hajaachwa nyuma. Zote ni kizazi cha SPICE, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukishaipakua mara moja huhitaji bando tena, na hilo kwa mwanafunzi ni jambo kubwa.

Unachora saketi, unaweka amri kama .ac dec 20 10 100k, na sekunde moja baadaye mkunjo wa ukubwa na wa fezi uko kwenye skrini. Kwa kichujio cha hatua mbili au zaidi, au chochote chenye opampu, mimi sianzi popote pengine. Kuikokotoa saketi ya aina hiyo kwa mkono ni zoezi zuri la aljebra, ila ni njia ndefu ya kufikia mchoro.

Kuna mitego mitatu ninayoiona ikirudi kila muhula. Wa kwanza, chanzo cha wimbi lazima kipewe thamani ya AC 1. Ukijaza tu sehemu ya wimbi la saini, uchambuzi wa masafa hauioni, na mkunjo hautatoka. Wa pili, herufi M kwenye SPICE maana yake ni mili, iwe kubwa au ndogo. Ukiandika 1M ukitaka megaomu moja, umeweka miliomu moja, karibu sawa na kipande cha waya. Andika 1Meg. Wa tatu ni wa hatari zaidi kwa sababu mchoro unaonekana mzuri: uchambuzi wa .ac huichukulia saketi kama isiyo na kikomo cha volti. Opampu inayolishwa 9 V itaonyeshwa ikitoa volti elfu moja bila kukatwa kichwa. Mkunjo ni sahihi kwa mawimbi madogo, lakini haukuambii lolote kuhusu wimbi linalogonga ukingo wa umeme wake.

Na bado, baada ya yote hayo, simyuleta iko upande wa “inapaswa”. Kapasita yake ni 10 nF kamili. Yako haiko hivyo.

Kadi ya sauti

Hapa nitakaa zaidi, maana hii ndiyo njia ambayo wengi wanaipita bila kujua wanayo tayari. Karibu kila kompyuta ina chombo kinachotoa mawimbi na kingine kinachoyapokea, na hivyo ndivyo kadi ya sauti. Kwa masafa ya sauti, kutoka 20 Hz hadi 20 kHz, hiyo ni maabara ndogo. Mpaka wake wa juu unawekwa na kasi ya kuchukua sampuli: kwa 44,100 kwa sekunde huwezi kuona kitu juu ya 22,050 Hz. Anayejenga vichujio vya spika, ampu, gita au maikrofoni hahitaji zaidi.

Room EQ Wizard, ambayo mafundi wa sauti huiita REW, ni ya bure na inachora mkunjo yenyewe. Kwanza unaunganisha sauti inayotoka moja kwa moja na inayoingia kwa kebo tupu, programu inapima kadi yenyewe, kisha unaweka kichujio katikati na kupima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kichujio chako. Hatua ya kebo tupu usiiruke, kwa sababu kadi nazo huanza kudhoofika chini karibu na 20 Hz na juu karibu na mwisho wa rengi yake, na hutaki udhaifu huo uandikwe kwa jina la saketi yako.

Lakini kuna njia ya pili ninayoipenda hata zaidi kwa kufundishia, na inahitaji Audacity tu, programu ya kurekodi sauti. Kwenye menyu ya Generate chagua Chirp, wimbi linalopanda masafa lenyewe. Liweke lianze 20 Hz na liishie 20,000 Hz, kwa sekunde 30, na uchague upandaji wa logi badala ya ule wa mstari ulionyooka. Hakikisha ukubwa wa mwanzo na wa mwisho ni sawa, kwa sababu kwa kawaida Audacity huanza na 0.8 na kumalizia 0.1, na mteremko huo ungeuhesabu kuwa wa kichujio. Cheza, pitisha kwenye kichujio, rekodi kinachotoka. Kutoka 20 hadi 20,000 ni dekadi tatu kamili, kwa hiyo kila sekunde 10 ni dekadi moja. Umbo la rekodi unaloliona kwenye skrini ndilo mkunjo wenyewe, mhimili wake wa chini tayari uko kwenye logi. Kona ya 1592 Hz inapaswa kuangukia sekunde ya 19. Ukibadilisha mzani wa wima uwe wa desibeli, baada ya kona utaona mstari ukishuka ulionyooka. Nimewaona watu waliochoshwa na hesabu za logi wakisogeza kiti karibu na skrini wanapoliona hilo.

Sasa masharti yake. La kwanza ni mzigo. Tundu la kuingizia sauti lina ukinzani wake, na kadi nyingi ziko katika makumi ya kiloomu au chini ya hapo. Chukua mfano wa 10 kΩ. Ukiiunganisha na kichujio chetu chenye rezista ya 10 kΩ, volti zinagawanyika nusu hata kwenye masafa ya chini, na kona inahama kutoka 1592 Hz hadi 3183 Hz, mara mbili kamili. Umepima kitu kingine kabisa. Dawa ni mbili: weka opampu kama TL072 katikati ili kadi isikilemee kichujio, au jenga kichujio kile kile kwa rezista ya 1 kΩ na kapasita ya 100 nF. Kona ni ile ile, na mzigo wa 10 kΩ sasa unaisogeza kwa asilimia 10 tu. Proubu ya oskiloskopu ya mara kumi, yenye megaomu 10, haina shida hii, na hapo oskiloskopu inashinda wazi.

La pili ni tundu lenyewe. Laptopu nyingi za siku hizi zina tundu moja la hedifoni na maikrofoni pamoja. Upande wa maikrofoni ni chaneli moja tu, na una volti ndogo za DC za kulishia maikrofoni. Zima kwenye mipangilio kila kitu kinachosafisha sauti, kupunguza kelele au kurekebisha ukubwa wenyewe, la sivyo kompyuta itaushindania mkunjo wako. Kadi ya nje ya USB yenye tundu la laini la stereo inaondoa usumbufu huo wote, na inakupa chaneli ya pili ya kupimia kinachoingia wakati huo huo.

La tatu ni usalama wa kadi. Inapenda volti moja au mbili, si zaidi.

Krosova za spika, pale ambapo hesabu inashindwa

Kwa fundi anayefunga muziki kwenye matatu za Kisumu kwenda Busia au Kakamega, au kwenye kanisa lenye kwaya kubwa, kichujio chenyewe ni krosova: kapasita mbele ya twita (spika ndogo ya sauti za juu), koili mbele ya wufa (spika kubwa ya besi). Hapa mkunjo wa karatasi unapotoka zaidi kuliko mahali pengine popote.

Kapasita ya 6.8 µF mbele ya twita ya 8 Ω inatoa kona ya karibu 2930 Hz. Ihamishie kapasita hiyo hiyo kwenye twita ya gari ya 4 Ω, na kona inaruka hadi karibu 5850 Hz. Kwa muziki wa benga tofauti hiyo si ndogo. Nota karibu zote za gita ziko chini ya 1200 Hz, ila ule mng'ao wa nyuzi unaoifanya gita ya solo isikike juu ya besi uko kwenye haromoni za juu zaidi. Ukiacha shimo kati ya wufa na twita, gita inasikika kama imefunikwa blanketi.

Na hata hiyo 8 Ω si 8 Ω. Ukinzani wa spika hupanda sana kwenye masafa yake ya asili, kisha hupanda tena taratibu kwenye masafa ya juu kwa sababu ya koili ya sauti. Lahajedwali uliyoiandikia rezista ya 8 Ω haiyajui hayo. Simyuleta inaweza kuyajua kama ukiijengea mfano wa spika, lakini vipimo vya kuujenga mfano huo utavitoa wapi kama spika imetoka soko la Kibuye bila karatasi yoyote? Pima. Pima volti kwenye ncha za twita ikiwa imeunganishwa na inapiga kwa sauti ya wastani. Tumia rezista ya 10 kΩ na ya 1 kΩ kugawanya volti kwa 11 kabla hazijafika kwenye kadi.

Onyo moja, na tafadhali lichukue kwa uzito. Redio nyingi za gari huendesha spika kwa mtindo wa daraja, ambapo waya zote mbili za spika zina wimbi na hakuna iliyo graundi. Weka mita kwenye DC, pima kati ya waya hasi wa spika na bodi ya gari: ukiona karibu volti 6, yaani nusu ya betri, hiyo ni ya daraja. Ukibana kibanio cha graundi cha oskiloskopu inayolishwa na stima kwenye waya huo, au graundi ya kadi ya kompyuta inayochaji, unaweza kuiunguza ampu papo hapo. Tumia laptopu kwa betri yake peke yake, au weka transfoma ndogo ya sauti katikati.

Zilizobaki, kwa haraka

Python yenye SciPy, au Octave, ni kwa yule ambaye tayari anaandika programu. Kwa mkunjo mmoja ni kazi ya ziada isiyo na faida juu ya lahajedwali. Thamani yake inatokea unapotaka kuweka vipimo na nadharia juu ya mhimili mmoja, au kubahatisha thamani za rezista na kapasita mara elfu ili uone mikunjo inatawanyika kiasi gani.

NanoVNA, kipimaji kidogo cha saketi za masafa ya redio, ni chombo kizuri na cha bei inayofikika, lakini si cha sauti. Matoleo ya kwanza yanaanzia 50 kHz, na milango yake ni ya 50 Ω, kwa hiyo kichujio chetu cha 10 kΩ hakifai hata kukiunganisha. Kwa fundi wa kituo cha FM anayetaka kujua kama kichujio chake kinapitisha 88 hadi 108 MHz na kuua haromoni za juu, hapo sioni cha kuilinganisha nayo kwa pesa hizo.

Baadhi ya oskiloskopu mpya zenye jenereta ndani hupima na kuchora mkunjo wa Bode (ukubwa na fezi dhidi ya masafa) zenyewe kwa kubonyeza tu. Zinaunganisha uzuri wa proubu ya megaomu 10 na haraka ya kadi ya sauti, na zinavuka mpaka wa 20 kHz bila shida. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi.

Mimi ningechagua nini

Mwanafunzi mwenye ripoti ya kuwasilisha: lahajedwali kwa nadharia kama kichujio ni cha hatua moja, simyuleta kama ni zaidi, na juu ya mchoro huo huo aweke alama za oskiloskopu kama nukta zisizounganishwa. Mhakiki akiona nukta zote zimehamia kulia kwa kiasi sawa, atajua ni kosa la thamani ya kapasita au rezista. Akiona zinaachana na mstari kwenye masafa ya juu tu, atauliza kuhusu proubu au opampu. Ripoti yenye mstari laini peke yake haimpi la kuuliza.

Fundi wa krosova: kadi ya USB na REW, pamoja na zile rezista mbili za kugawanya. Asipoteze siku kwenye simyuleta mpaka apate vipimo vya spika.

Anayesoma peke yake nyumbani, labda Nakuru au Siaya, na ana laptopu tu: LTspice na Audacity kwa pamoja. Asimyuleti leo, apime kesho, na asiendelee na kichujio kingine mpaka aweze kueleza kwa nini mikunjo miwili haikulingana.

Na mkuu wa idara anayeniuliza afanye nini na bajeti ndogo ya maabara, ningemwambia anunue kadi za USB za kutosha ili kila wanafunzi wawili wawe na yao, kabla ya kufikiria oskiloskopu ya pili. Oskiloskopu moja nzuri ya kuthibitishia, inayozunguka meza hadi meza kwa ile mbinu ya miraba saba, itahudumia darasa zima. Karatasi za grafu zibaki kabatini, na wiki ya kwanza ya muhula kila mmoja achore mkunjo wake wa kwanza kwa penseli.